Lumbesa Nyumbani kwa Waziri

Msimu ule ambao mke wangu alisimama mbele ya nchi akasema lumbesa sasa mwisho, mimi mumewe nilikuwa uani kwetu Iyunga nashona lumbesa. Sikufanya kwa ukaidi wala kwa siasa. Mnunuzi alikuja mpaka mlangoni, mizani ilikuwa huko kwenye kituo cha mauzo kando ya barabara kuu, na kutoka nyumbani, kwangu mimi, ni jambo ninalolifanya nikishakosa kila sababu ya kubaki. Wako waume waliowaaibisha wake zao kwa pombe, wako waliowaaibisha kwa nyumba ndogo. Mimi nilimwaibisha wangu kwa uvivu wa kuvaa viatu.

Kwa asiyelima viazi niseme kidogo. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomo, halafu likaongezwa juu yake kipande cha gunia jingine, nacho kikajazwa, kikashonwa kwa kamba ya katani, mpaka gunia linasimama limevaa kofia. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Kofia anaondoka nayo bure. Utauliza, mkulima anafaidi nini? Hafaidi kitu. Anajaza kwa sababu baba yake alijaza, na kwa sababu mnunuzi akiona gunia la kichwa wazi anapandisha kioo cha lori na kwenda kwa jirani. Kwa hiyo mimi ni mwizi wa namna ya peke yake. Nilijiibia mwenyewe, nikapigwa picha, nikatozwa faini.

Lakini gunia lile halieleweki mpaka nimweleze mwanamke mwenyewe.

Tulisoma darasa moja, sekondari ya bweni huko Iringa, ambako baba yangu alinipeleka kwa nguvu nikawa nalia kuanzia Makambako. Yeye alikuwa binti wa mwinjilisti wa Kilutheri, Mhehe wa kule kwenye vijiji vya mahindi, mwembamba, mwenye sweta moja na swali kwa kila mwalimu. Mimi Mnyakyusa niliyekuwa nahesabu wiki za kurudi kwenye ndizi za mama. Matokeo ya kidato cha nne yalipobandikwa, jina lake lilikuwa juu kabisa ya karatasi, la kwangu lilikuwa mahali ambapo ilibidi uiname. Daraja la nne. Yeye akaendelea na masomo, mimi nikarudi nyumbani, na kwa kweli tangu siku ile hakuna kati yetu aliyebadilika: yeye bado anaendelea, mimi bado niko nyumbani.

Alipomaliza shahada yake ya kwanza akaja kufundisha Mbeya. Akanikuta nimerithi shamba la viazi milimani na nyumba ya Iyunga, nimeridhika kama paka wa mgahawa. Namna alivyonikubali mpaka leo sielewi, na nikimuuliza anasema alikuwa anafanya utafiti. Siku ya kupeleka posa, mjomba wake mmoja mwenye mvi na macho makali alinitazama muda mrefu.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Nalima viazi, mzee."

"Huyu binti yetu akitaka kusoma zaidi, utasemaje?"

Wenzangu walikuwa wamenifundisha majibu ya maswali mengi, hilo hawakulifikiria. Nikajibu lililokuja. "Asome tu, mzee. Mimi nitakuwa nyumbani."

Wajomba wakatazamana. Mzee akawaambia wenzake kwa Kihehe, naye mke wangu alikuja kunitafsiria baadaye: huyu ama ni mjinga kabisa, ama ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Wakanipa. Nadhani hawajaamua mpaka sasa.

Utafiti wake mkubwa, ule wa shahada ya uzamivu, ulianzia kwenye uwanja wetu. Nilikuwa nashona kofia ya gunia, kazi ninayoiweza kuliko zote, maana mimi hushona mshono wa kufumana ambao hata ukiliangusha gunia kutoka juu ya lori haufunguki. Yeye kakaa kwenye kigoda anamenya viazi vya mchana.

"Hicho cha juu kinakwenda wapi?" akauliza.

"Dar."

"Dar kwa nani?"

"Kwa watu wa Dar."

"Watu wa Dar wananunua gunia lenye kofia?"

Nilikuwa nimeshona kofia tangu nikiwa na akili, na sikuwahi kujiuliza zinavuliwa wapi. Juma lililofuata mke wangu alipanda lori, akakaa pembeni ya dereva, akaliandama gunia letu moja alilolifunga kitambaa chekundu. Akalifuata Makambako, akalifuata Mafinga ambako dereva alisimama kupakia mbao za magendo, akalifuata mpaka Dar. Aliporudi alikuwa na mafua na jibu. Kofia ya gunia letu ilifunguliwa kabla hata ya kufika sokoni, ikauzwa kwa mafungu pembeni ya barabara, na gunia likaingia sokoni kichwa wazi kama gunia la kawaida. Mwenye lori, dalali na wachukuzi wakagawana kile ambacho mimi nilikishona kwa ustadi.

"Kwa hiyo ulimlisha dalali," akaniambia. "Na umemshonea."

Akaenda kusoma ng'ambo na jibu hilo. Watoto wakabaki na mimi. Majirani walinihurumia kwa sauti ya kusikika. Waliniita mama mlezi. Wanaume wenzangu waliponikuta nasuka nywele za binti yetu walipita kimya halafu wakacheka wakishafika kona. Jirani yangu wa upande wa mgombani, mama mmoja mjane asiyejua kuzungusha maneno, aliniambia juu ya ua, "Huyo harudi. Ulaya wana wanaume wanaotoka nje ya nyumba."

Alirudi. Siku ile tulimpokea stendi na watoto, na sanduku lake lilikuwa zito mpaka mbeba mizigo akaguna. Mimi nikawaza, suti yangu hiyo. Tulipofungua nyumbani, ndani kulikuwa na vitabu na mizani ya chuma ya kuning'iniza. Aliitundika jikoni siku ile ile, juu ya mafiga, na tangu hapo hakuna kilichoingia nyumba ile bila kupimwa, kuanzia nyama mpaka mjukuu wa kwanza.

Akapata kazi ya kufundisha chuo kikuu kule Iringa. Akawa anakwenda mwanzo wa juma na kurudi mwisho wake, miaka na miaka, amebeba mitihani ya wanafunzi kwenye mfuko wa unga. Mimi nilijifunza kumpikia chakula kisichomwagika akisahihisha. Mara moja moja aliniuliza, "Hebu soma hii, wewe unaelewa?" Nikisema naelewa, alitoa maksi. Nikisema sielewi, alipunguza. Kuna wasomi wakubwa nchi hii waliopata au kukosa maksi kwa sababu ya daraja la nne langu, na hawajui.

Siku alipopewa uprofesa alitoa mhadhara mbele ya watu wenye majoho, nami nikapandishwa basi kwenda Iringa nimevaa koti la kuazima. Somo lilikuwa gunia. Mhadhara mzima, gunia. Nilikaa mstari wa mbele, nikasikia maisha yangu yakielezwa kwa maneno marefu, nikapiga makofi mahali ambapo alikuwa anavuta pumzi tu. Ukumbi wote ukanifuata kupiga makofi kwa heshima. Ndugu zake wakamletea zawadi ya kiti kikubwa cha mninga kutoka kwa fundi wa Mafinga, kiti cha profesa, chenye mgongo mrefu. Tangu kifike sebuleni ninayekikalia ni mimi.

Kisha likaja tangazo. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, redio iko sebuleni, maji yanamwagika. Yule jirani akatokeza kichwa juu ya ua.

"Jirani, mkeo kawa mbunge."

"Mbunge wa wapi? Hajagombea."

"Kateuliwa. Na unaibu waziri juu yake. Funga maji usikilize."

Nilipofika redioni walikuwa wameshafika kwenye michezo. Mke wangu mwenyewe alikuwa darasani Iringa, akafundisha mpaka mwisho wa kipindi, ndipo akawasha simu. Ndugu ambao hatukuwajua walianza kufika Iyunga kesho yake. Mmoja alisema yeye ni shangazi yangu, nami nikamkubali, alikuwa na sura ya ushangazi.

Unaibu ulipita vizuri, na haukupita muda mrefu akawa waziri kamili. Hapo ndipo alipofanya jambo la Kihehe. Alisimama mbele ya wabunge akasema lumbesa itaisha, na itaanza kuisha nyumbani kwake, Mbeya. Wakamcheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya ubaoni, mama profesa, shambani kuna hewa nyingine, mawaziri wangapi wamepita hapo na kofia zipo. Naye akajibu kwamba msimu huu ukiisha na wakulima wa Mbeya hawauzi kwa mizani, hatasubiri kuondolewa, atarudi mwenyewe Iringa kushika chaki.

Nilimsikia redioni nikiwa kwenye kiti chake. Nilimjua. Huyu mtu akisema atarudi, atarudi. Kazi yote ya maisha yake, tangu kile kitambaa chekundu, sasa ilikuwa imening'inia kwenye viazi vya msimu mmoja.

Mizani zikaletwa vituoni. Wakulima wakazitazama. Wanunuzi wakaegemea malori yao wakachokonoa meno. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aanze, maana mkulima atakayekataa kushona kofia peke yake atabaki na viazi vyake, na mnunuzi atakayenunua bila kofia peke yake atashindana bei na mwenye kofia na atashindwa. Siku zikaenda. Magazeti yakaanza kuandika kwamba profesa amekwama.

Ndipo dalali akaja kwangu. Dalali yule tunamfahamu tangu enzi za baba yangu, mcheshi, mwenye kofia ya pama na maneno ya sukari.

"Mzee wangu, viazi vyako vimekaa uani vinaota macho. Nina lori hapo nje, linaondoka sasa hivi."

"Kuna mizani kule kituoni," nikasema. Nilisema kweli, nataka hilo lijulikane.

"Ipo. Na foleni ipo, na jua lipo, na utasimama. Au unishonee hapa hapa, kivulini, unywe na chai yako."

Nikashona. Mungu anisamehe, na nilishona vizuri. Gunia la kwanza lilipomalizika nikalikalia kupumzika, kikombe mkononi. Dalali akatoa simu. "Tabasamu kidogo, mzee." Nikatabasamu. Mimi nikipigwa picha huwa siulizi sababu.

Kabla ya mchana picha ilikuwa kwenye kila kundi la simu kuanzia Tunduma mpaka Iringa mjini. Nimekaa juu ya lumbesa, nachekelea. Na nyuma yangu, ukutani barazani, imetundikwa kalenda ya wizara yenye uso wa mke wangu, naye anaitazama kofia ya gunia kama anayesahihisha mtihani. Chini yake mtu ameandika: sheria inamsubiri mwenye nyumba amalize chai.

Lori halikupakia. Dalali aliondoka mikono mitupu, lakini alichokifuata alikuwa ameshakipata. Simu yangu ikalia.

"Baba watoto, umekaa?"

"Nimekaa."

"Umekaa juu ya nini?"

Nikatazama chini. Nilikuwa sijashuka.

"Juu ya gunia."

"Ndilo hilo hilo?"

"Ndilo."

"Umeshona wewe?"

"Nimeshona mimi."

Akanyamaza. Mhehe akigomba usijali sana. Akinyamaza ndipo utafute koti.

"Umeshona vizuri," akasema mwishowe. "Nimeona kwenye picha. Usilifungue. Kesho kutwa naja kituoni kuongea na wakulima. Uje nalo kama lilivyo."

"Mimi nije kituoni?"

"Na viatu uvae," akasema, akakata.

Siku ile kituo kilijaa. Wakulima, wapakiaji, mama lishe na masufuria yao, wanunuzi na malori yaliyopangwa barabarani. Nilifika na gunia langu juu ya guta la kukodi, nimelikumbatia lisianguke, watu wakinifungulia njia kwa furaha kubwa. "Mume wa waziri huyo, mpisheni na kofia yake." Mmoja akauliza kama gunia nimelivalisha kofia kwa ajili ya baridi. Nilicheka nao. Ukishakuwa mjinga hadharani, bora uwe wa kwanza kucheka, angalau upate nafasi ya mbele.

Mke wangu alishuka kwenye gari, kitenge cha kijani, miwani. Aliwasalimia wazee kwanza. "Kamwene," akasema, salamu ya kwao Uhehe, wakamwitikia, kisha akawasalimia Wanyakyusa kwa Kinyakyusa ambacho mimi ndiye niliyemfundisha na ambacho bado anakisema kama anapanda ngazi. Hakunitazama. Alianza kuongea juu ya mizani, na hakufika mbali. Yule dalali alikuwa ameshasimama, pama mkononi, mpole kabisa.

"Mheshimiwa, samahani, utusaidie kitu kimoja. Sheria hii inaanzia geti la nani?"

Kicheko kikapanda mpaka juu ya malori. Nikaona maofisa wake wanatazama viatu vyao. Nikajua kwamba safari yote, ng'ambo, majoho, redio, imefika hapa, na kilichoiziba ni mimi. Sijawahi kuona aibu namna ile, na mimi nina uzoefu.

Mke wangu akasubiri wamalize kucheka. Kisha akanyoosha mkono, akanielekeza kama unavyomwelekeza mwanafunzi wa nyuma.

"Mzee mwenye gunia, sogea hapa mbele."

Nikasogea.

"Wewe ni mkulima wa wapi?"

"Wa Iyunga, Mheshimiwa."

"Umeoa?"

"Nimeoa, Mheshimiwa."

"Mkeo anafanya kazi gani?"

"Yuko serikalini."

"Hakukwambia habari za lumbesa?"

"Aliniambia, Mheshimiwa. Miaka mingi. Huwa namsikiliza nikiwa napika."

Watu walishika mbavu. Yeye hakucheka, ila nilimwona anavyoubana mdomo. Akaagiza nipewe kisu. "Fungua," akasema. Nikakata mshono wangu mwenyewe, ule wa kufumana, na ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa nimeushona vizuri mno. Kofia ikafunguka, viazi vikamwagika kwenye turubai. Wapakiaji wakalipandisha gunia kwenye mizani, wakapunguza mpaka likafika kipimo cha sheria. Vilivyobaki chini vilikuwa lundo. Nililitazama lundo lile nikashtuka, wallahi, nilikuwa sijawahi kuviona viazi vya kofia vikiwa peke yake. Kila mara nimeviona vikiwa vimeshonwa.

"Hivi vilivyobaki ni vya nani?" mke wangu akawauliza watu.

Mzee mmoja wa Kisafwa nyuma yangu akanung'unika, "Ni ada ya shule hiyo."

Dalali akajaribu. "Mheshimiwa, hivyo ni vya kufidia. Viazi huoza njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu. Safari ndefu."

"Mimi nimesafiri na viazi," mke wangu akasema, taratibu, sauti ile ya darasani. "Nilikaa kwenye lori pembeni ya dereva, tukalala Mafinga. Havikuoza. Vilishushwa kabla ya soko, vikauzwa mafungu, nikanunua fungu moja mimi mwenyewe. Nikala viazi vyangu kwa pesa yangu. Unataka nikutajie walioshusha?"

Dalali akavaa pama lake.

Akasimama mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka la mbolea mjini na malori kadhaa, mtu ambaye ukoo wao umekuwa Mbeya tangu babu yangu hajavaa suruali. Wanunuzi wengine walikuwa wanamtazama yeye.

"Mama, mimi na mizani sina ugomvi," akasema. "Lakini niambie ukweli. Nikinunua kwa mizani peke yangu, mwenzangu akaachiwa kofia kwa sababu ni ndugu ya mkubwa, mimi nafunga duka. Sheria zetu tunazijua. Zinawapata wasio na mtu."

Hilo ndilo lililokuwa limewakalia wote moyoni. Hata mama lishe waliacha kukoroga.

Mke wangu akamgeukia ofisa wa vipimo. "Mwandikie huyu mzee faini."

Ofisa akashusha kalamu. "Mheshimiwa, huyu ni..."

"Namjua huyu ni nani. Nimelala naye miaka mingi. Andika."

Akaandika. Nikalipa pale pale, mbele ya kadamnasi, kwa pesa niliyokuwa nimetumwa nikanunulie sukari. Mke wangu akamgeukia yule mfanyabiashara.

"Nimeanza na mume wangu. Sasa nani mwingine hapa ana mtu?"

Yule bwana alimtazama, akanitazama mimi na risiti yangu, akaanza kucheka polepole mpaka tumbo likatikisika. Kisha akawapungia mkono madereva wake wafungue milango ya nyuma. "Basi pima," akasema. "Pima yote."

Mzee wa Kisafwa akawa wa kwanza. Nyuma yake akaja mama mmoja ameshika gunia masikio yote mawili, halafu wengine, na wanunuzi walioona malori ya mwenzao yanajaa wakatupa vijiti vyao vya meno wakakimbilia mizani. Hakukuwa na hotuba tena. Hakukuwa na nafasi ya hotuba. Kuna mtu alianza kuimba, wapakiaji wakaitikia, na mizani ikawa inagonga, inagonga, kama ngoma ya harusi. Watu walikaa chini wakakata kofia za magunia waliyokuja nayo, na malundo yakaota kila mahali, viazi ambavyo vizazi viwili vilikuwa vinavisafirisha bure, sasa vinarudi nyumbani kwenye vikapu vya wenyewe. Mama lishe alichemsha vya kwangu vya kofia, vikaliwa na chumvi. Mimi nilikula vitatu hivi. Vilikuwa vitamu kuliko viazi vyovyote nilivyowahi kulima.

Mke wangu alinipitia karibu akielekea garini. "Baba watoto," akasema chini chini, "ningetafuta mtu wa kumtoza faini mbele za watu nisingempata kama wewe."

"Nilikuwa nafanya utafiti," nikamwambia.

Msimu uliisha Mbeya nzima ikiuza kwa mizani. Wakaja watu wa Njombe kuuliza tulifanyaje, wakaja wa Iringa, mikoa ya vitunguu ikaja. Yule mbunge wa mambo ya ubaoni alisimama akaomba na jimbo lake lipelekewe mizani. Kule Iringa chuo chake cha zamani kilimwita atoe mhadhara, na safari hii nilikwenda mwenyewe bila kusukumwa, kwa koti langu. Aliionyesha ile picha ukutani, kubwa kuliko nyumba, mimi na kikombe, na akawaambia wanafunzi kwamba sheria huanza kufanya kazi siku inapomkuta mtu wa nyumbani. Ukumbi ulisimama. Nilipiga makofi mahali penyewe.

Yalipotangazwa mabadiliko ya baraza, wapo waliotoka. Yeye hakutoka, alipandishwa wizara kubwa zaidi. Jioni hiyo uwanja wetu ulijaa watu, mchele ukaungwa, kwaya ya usharika ikaimba, na yule shangazi akalia machozi ya ukoo. Nilikaa kwenye kiti cha Mafinga kilichotolewa nje kwa heshima ya mgeni rasmi, kwa kuwa mgeni rasmi yuko Dodoma, nikapokea pongezi kwa niaba yake. Watu waliinama kunishika mkono. Nilianza kuamini kwamba na mimi kuna kitu nimefanya.

Jirani yangu wa upande wa mgombani alikuja mwishoni, amejitanda khanga, sahani ya pilau mkononi. Hakuinama. Alisimama mbele ya kiti akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema:

"Jirani, hongera za mkeo, amezifanyia kazi. Ila mtu wa Dar humjui hata kwao, ulimjazia gunia mpaka likavaa kofia, na mimi tunayegawana ua, debe la maharage uliloniuzia juzi ulinipimia likawa chini ya mdomo. Kesho nalileta, ulijaze."